Mhasibu wetu ni mjamzito na ana hofu ya kupoteza nafasi: tumpangeje wa kushika kazi yake bila kumtia hofu zaidi?

Nahodha wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya wanaoyajua mambo ya ajira, hasa kwa ofisi ndogo kama yetu (watu 23, Dar es Salaam).

Mhasibu anayeshughulikia mishahara ni mjamzito. Tarehe ya matarajio kwenye kadi yake ya kliniki ni 14 Oktoba. Barua ya likizo ya uzazi ameshaleta pamoja na cheti cha daktari, mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo upande wa karatasi yuko sawa. Kinachotusumbua ni hofu aliyonayo. Mgeni yeyote akiingia ofisini, anauliza kama ndiye anayekuja kuchukua nafasi yake. Kazi inaisha saa 11 jioni, yeye anakaa hadi saa 1 usiku na zaidi. Ameombwa aanze kuandika maelezo ya kazi zake, anasema "nitaandika", na mpaka leo hakuna hata mstari mmoja. Mkurugenzi anataka tulete mtu haraka, akae naye meza moja, amwachie kila kitu, mama apumzike.

Sitaki aonewe, na sitaki mishahara ya Septemba ikwame. Mtu wa kushika kazi aje lini, kwa mkataba gani, na huyu dada tumwambie nini?

---

Sura ya 366

Mleta uzi, anza na tarehe. Mjamzito mwenye hofu kazini mara nyingi ni mtu ambaye hakuna aliyekaa akamwandikia tarehe zake. Kichwani kwake kuna "utaondoka, halafu tutaona".

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inampa siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo. Baada ya kujifungua haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki 6, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza.

Kwa huyu wa kwenu hesabu ni hii. Wiki 4 kabla ya 14 Oktoba ni 16 Septemba. Akianza siku hiyo, siku ya 84 ni 8 Desemba, tarehe 9 ni sikukuu ya Uhuru, na 10 Desemba yuko kazini. Akichagua kuanza 7 Oktoba ili abaki na siku nyingi zaidi na mtoto, siku ya 84 ni 29 Desemba, anarudi tarehe 30. Mwonyeshe mistari yote miwili kwenye karatasi, achague yeye. Msimchagulie, hata kwa nia njema.

Mambo mengine ambayo mkurugenzi wenu ayajue kabla hajafungua mdomo:

Kuanzia 14 Agosti, yaani miezi miwili kabla ya matarajio, ni marufuku kumtaka au kumruhusu afanye kazi usiku, na usiku kwa sheria hii unaanza saa 2 hadi saa 12 asubuhi. Huko kukaa kwake "saa 1 na zaidi" mkuache kuendelee, mtajikuta mmevunja sheria bila kumwamuru chochote.

Kumkatalia kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi kunahesabiwa ni kumwachisha kazi (kifungu cha 36), na sababu inayohusiana na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu (kifungu cha 37). Akipeleka mgogoro wa kuachishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ana siku 30 za kufanya hivyo. Fidia huko huhesabiwa kwa miezi ya mshahara.

Kwa hiyo barua ya kumhakikishia nafasi yake mnaitoa KABLA hamjatangaza wala kumtafuta wa kushika kazi. Mkigeuza mpangilio huo, kila mtakachosema baadaye ataona mnamfariji tu.

---

Mkunga wa Pwani

Naongezea upande wa afya, maana wengi wanachanganya mambo.

Hofu ya kawaida ya mjamzito huja na kuondoka. Mtu anauliza, anajibiwa, anatulia siku mbili tatu. Ikiwa kwa wiki 2 mfululizo hapati usingizi hata anapopata nafasi ya kulala, moyo unamwenda mbio, analia bila sababu anayoweza kuieleza, hali chakula, au anasema maneno ya kujidhuru, hapo ni jambo la kliniki. Akiwa amezungumzia kujidhuru, msingoje wiki 2, aende siku hiyohiyo. Msimamizi hatakiwi kumpa jina la ugonjwa. Anachotakiwa kusema ni hiki: "Nimeona siku hizi umechoka na una mawazo. Siku yako ya kliniki mweleze mkunga hivyo hivyo ulivyo. Ukitaka kwenda kesho badala ya kungoja tarehe yako, nenda, kazi nitaipanga." Basi. Usiongeze.

Kauli moja muifute kabisa hapo ofisini: "acha wasiwasi, utamdhuru mtoto". Mnampa hofu ya pili juu ya ile ya kwanza, na sasa anaogopa hata kuogopa kwake.

Msimuulize kwa nini ana hofu hivyo. Inawezekana aliwahi kupoteza ujauzito, inawezekana hapana. Akitaka kusema atasema. Na habari ya mimba ni yake kuitoa. Wapo wasiotaka itajwe hadharani kwa sababu ya vijicho, wapo wasionunua hata nguo ya mtoto mpaka ajifungue. Kwa hiyo hakuna kutangaza kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, hakuna keki ya kushtukiza, mpaka aulizwe na akubali.

Kliniki sasa. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2016 unapendekeza mahudhurio 8, na kuanzia wiki ya 30 yanakaribiana: wiki ya 30, 34, 36, 38, 40. Kwa matarajio ya 14 Oktoba, wiki ya 30 inaangukia 5 Agosti, ya 34 ni 2 Septemba, ya 36 ni 16 Septemba. Kliniki yake inaweza kumpangia siku za karibu na hizo. Muombe tarehe, zifungieni kwenye kalenda kabla hamjapanga vikao, ili asije akalazimika kuomba ruhusa upya kila mara kwa sauti ya kuomba msamaha.

Na muwe na mpango wa dharura ulioandikwa: nani apigiwe simu (achague yeye, si lazima awe mume), gari la nani, hospitali ipi, kadi ya kliniki inakaa wapi. Dalili za kumpeleka bila kusubiri zamu iishe: kutokwa damu, maji kupasuka kabla ya wakati, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, homa kali, degedege, au mtoto kupunguza kucheza. Kichwa na maluweluwe msivichukulie kama uchovu wa kompyuta, maana vinaweza kutangulia kifafa cha mimba.

---

Mizania

Nizungumzie makabidhiano, maana hapo ndipo mishahara inapokwama.

Kazi ya mishahara inazunguka kwa mwezi. Ukimleta mtu wiki mbili kabla, ataona nusu ya mzunguko tu. Anahitaji kuona mwezi mmoja mzima, kisha kuufanya mwezi wa pili mwenyewe huku mwenye kazi akikagua. Kwa hiyo aingie karibu na 25 Julai. Mshahara wa Julai anaangalia tu. Wa Agosti anauandaa yeye, mwenye nafasi anakagua na kusahihisha. Na muweke lengo kwamba makabidhiano yawe yamekamilika 2 Septemba, wiki ya 34, hata kama dada amepanga kuondoka tarehe 16 au baadaye. Mtoto hasomi kalenda ya ofisi.

Ukurasa wa kwanza wa hati ya makabidhiano ni kalenda:
- Tarehe 7: PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) za mwezi uliopita.
- Ndani ya siku 15 baada ya mwisho wa mwezi: makato ya mikopo ya HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu).
- Tarehe 20: ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kama naye anaishughulikia.
- Ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika: michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi).

Hiyo kila mhasibu anaijua. Kinachoangusha ni ukurasa wa pili, vitu vilivyomo kichwani mwake peke yake. Mfano: kuna mfanyakazi anakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya HESLB na deni lake linaisha Novemba. Asiyejua ataendelea kumkata Desemba, halafu kurudishiwa hela kunakuwa safari ndefu ya barua. Mwingine amehama benki na akaunti ya zamani bado iko kwenye orodha. Mwingine alipewa mkopo wa mshahara kwa makubaliano ya mdomo. Kila jambo kama hilo liwe na mistari minne: limefikia wapi, anasubiriwa nani, karatasi iko wapi, na likisahaulika nini kitaharibika.

Kwa nini haandiki? Mtu anayeamini ataondolewa anaona hati ya makabidhiano kama kuchimba kaburi la ajira yake. Kumkumbusha kila siku hakutasaidia. Akishapata barua aliyoisema Sura, kaeni naye dakika 40 kila Jumanne na Alhamisi, yeye aongee, mwingine aandike. Kisha asome na kurekebisha. Na juu ya hati andikeni jina lake kama mwenye kazi, chini yake "anayeshika kwa muda" fulani.

Benki: MARUFUKU kuachiana nywila au tokeni. Anayeshika kazi asajiliwe kama mtayarishaji wa malipo kwa jina lake, mwidhinishaji wa malipo abaki yuleyule. Akaunti ya dada kwenye mfumo wa benki isimamishwe kwa muda wa likizo, isifutwe. Anzeni mapema, fomu za benki zinapenda kurudishwa kwa saini moja kukosekana. Vivyo hivyo kwenye mifumo ya TRA (Mamlaka ya Mapato) na NSSF. Fedha zikipotea kupitia nywila yake akiwa wodi ya wazazi, nani atamsafisha?

---

Jembe la Ofisi

Mnazunguka sana wakuu. Kama amechoka, apewe likizo ya mwaka kuanzia Agosti, aende nyumbani akapumzike. Hofu itaisha yenyewe.

---

Sura ya 366

Jembe, hapana. Likizo ya mwaka (siku 28) haiwekwi mahali pa likizo nyingine anayostahili, na kumsukuma aichukue sasa ni kumwondoa kazini kwa jina zuri. Yeye mwenyewe akiomba kuiunganisha mwishoni mwa zile siku 84, hilo linazungumzika na linamsaidia sana. 84 na 28 ni siku 112, na mtoto atakuwa amekua kidogo kabla mama hajarudi.

Kumnyang'anya kazi mapema ndicho kinachozalisha hofu yenyewe. Mpunguzieni uzito wa mwili: asipande ngazi na mafaili, asisimame foleni benki, apewe kiti chenye mgongo na ruhusa ya kunyoosha miguu. Maamuzi ya kazi yake yabaki mikononi mwake hadi siku anayoondoka.

---

Nahodha wa Zamu

Asanteni sana. Nimeandika rasimu ya barua, naomba mnirekebishe:

*"Kutokana na kutokuwepo kwako kazini, kampuni imeamua kuajiri mhasibu mwingine ili kuziba pengo. Unatakiwa kukabidhi majukumu yako yote pamoja na nywila kabla ya 1 Agosti. Tunakutakia uzazi mwema na tunatarajia kukukaribisha tena hali itakaporuhusu."*

---

Karani Mkuu

Mkuu, nia yako tunaiona, lakini isome kwa macho yake.

"Kutokana na kutokuwepo kwako": yupo! Na maneno hayo yanamfanya likizo yake iwe kosa alilowatendea. "Mhasibu mwingine": mhasibu mwingine wa nini, ikiwa yeye yupo? "Majukumu yako yote kabla ya 1 Agosti": kati ya 1 Agosti na 16 Septemba atakuwa anafanya nini ofisini? Atakaa anamtazama mwenzake. "Pamoja na nywila": Mizania amekwisha kusema. Na "hali itakaporuhusu" ndiyo mbaya kuliko zote. Hali ya nani? Atakesha na neno hilo moja.

Andika hivi:

*"Tumepokea taarifa yako ya likizo ya uzazi. Utakuwa likizo kwa siku 84 zenye malipo kamili kuanzia tarehe utakayothibitisha. Ukianza 16 Septemba utarudi kazini 10 Desemba. Utarudi kwenye nafasi yako ileile ya Mhasibu wa Mishahara, kwa masharti na mshahara uleule. Katika kipindi hicho majukumu yako yatashikwa kwa muda na mtu atakayeajiriwa kwa kazi hiyo pekee, na mkataba wake utakoma wewe ukirudi na makabidhiano ya kurudi yakikamilika. Tunaomba ushiriki kuandaa sifa za mtu huyo na mpango wa makabidhiano. Ukijifungua kabla ya wakati, ukipata watoto zaidi ya mmoja, au daktari akishauri vinginevyo, tarehe hizi zitarekebishwa kwa mujibu wa sheria bila wewe kuomba upya."*

Asaini mkurugenzi mwenyewe. Nakala moja kwake, moja kwenye faili. Ampe msimamizi wake, wawili tu, mlango umefungwa, asubuhi ya Jumanne au Jumatano. Msimpe Ijumaa jioni, ataondoka nayo wikiendi nzima bila mtu wa kumuuliza. Na msimkalishe mbele ya watu watatu upande wa pili wa meza, inafanana na kikao cha nidhamu.

Baada ya kumpa, nyamaza. Atauliza jambo lilelile mara tatu nne katika wiki zinazofuata. Jibu kwa maneno yaleyale kila mara. Ukibadilisha maneno, hata kwa wema, atadhani mambo yamebadilika.

---

Sura ya 366

Barua safi. Niongeze mawili ambayo msimamizi ayajue ila ASIYATAMKE kwa mjamzito isipokuwa akiulizwa. Marekebisho ya sheria ya 2025 yameongeza likizo kwa anayejifungua mtoto njiti, hadi zitimie wiki 40 za ujauzito. Na mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja wa kuzaliwa, mama anastahili siku 84 nyingine zenye malipo ndani ya mzunguko huohuo wa likizo (miezi 36 ya ajira). Ofisi iwe tayari, isije ikaanza kupekua sheria siku ya msiba.

Mkataba wa mtu wa muda: kanuni za ajira za 2017 ziliweka miezi 12 kuwa kima cha chini cha mkataba wa muda maalumu, kwa hiyo mkataba wa "miezi minne" unaweza kuwaletea maneno. Njia safi ni mkataba wa kazi maalumu: utaje kazi ni kushika majukumu ya mhasibu wa mishahara wakati mwenye nafasi yuko likizo ya uzazi, na kwamba unakoma akirudi na makabidhiano ya kurudi yakikamilika. Msiandike jina la ugonjwa au habari za mimba yake humo. Mwanasheria wenu aangalie rasimu, kwa kuwa marekebisho ya 2025 yamegusa pia aina za mikataba.

Kosa kubwa ni kumwahidi huyo mtu kwa mdomo, "fanya vizuri, tutaona". Hapo mnamjengea matarajio ya kubaki, na matarajio hayo nayo yana uzito kisheria. Mtajikuta na watu wawili wanaodai kiti kimoja, na wote wana haki.

---

Mizania

Gharama, kwa ajili ya mkurugenzi. Tuseme wa muda analipwa 900,000 kwa mwezi. Kuanzia 25 Julai hadi 31 Desemba ni miezi mitano na siku kadhaa, yaani karibu 4,700,000, ongeza mchango wa NSSF wa mwajiri asilimia 10, kisha WCF na SDL. Nimeweka hadi 31 Desemba makusudi. Dada akirudi tarehe 10, anakutana na mishahara ya Desemba na kufunga mwaka, huku mtoto ana wiki nane. Kumwondoa wa muda siku ileile ni kumrudisha mama kwenye moto.

Mahali pa kukaa pia mpange. Wa muda apewe meza YAKE. Asikalie kiti cha dada mpaka dada awe ameondoka, na droo zake zifungwe, ufunguo abaki nao.

---

Jembe la Ofisi

Sawa, nimeelewa. Je, akiwa likizo kukitokea jambo dogo, dakika moja tu ya simu kuna ubaya gani?

---

Karani Mkuu

Dakika moja hazijawahi kuwa dakika moja. Leo "faili la Machi liko wapi", kesho "hebu angalia hii hesabu". Likizo ya uzazi ni likizo. Msimamo wangu: hakuna simu ya kazi kabisa, na ukurasa wa pili wa Mizania ndio unaojibu maswali.

---

Mkunga wa Pwani

Kwa kazi nakubaliana na Karani. Lakini kwa mtu mwenye hofu kama huyu, kimya cha siku 84 kina madhara yake. Simu ikinyamaza anasema moyoni "wamenisahau, wameshazoea mwenzangu". Akiona ametolewa kwenye kundi la WhatsApp au anwani yake ya baruapepe imefungwa bila kuambiwa, hiyo kwake ni barua ya kufukuzwa.

Muulizeni kabla hajaondoka, na jibu liandikwe: Anataka abaki kwenye kundi au atoke kwa hiari? Anataka habari za ofisi mara moja kwa mwezi, au asisikie chochote hadi Desemba? Nani amtumie? Awe mtu mmoja, ujumbe wa maandishi, usiohitaji jibu. Mfano: "Habari dada. Mishahara ya Novemba imetoka salama. Hakuna unalotakiwa kufanya. Msalimie mtoto." Ndani ya siku 42 za kwanza baada ya kujifungua msimtumie hata hilo, isipokuwa ameliomba. Pongezi za mtoto ni jambo jingine, na hizo pia mngojee atangaze yeye au familia yake.

Na anaruhusiwa kubadili mawazo. Aliyesema "nitumieni kila wiki" akiwa na mimba anaweza kuchoka kabisa mtoto akishafika.

---

Karani Mkuu

Nakubali, dada. Habari bila kazi, sawa. Narekebisha kauli yangu.

---

Upepo wa Kusi

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Kenya, msichukue tarehe hizi zilivyo. Kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi 3 kwa malipo kamili, notisi ya maandishi ni angalau siku 7 kabla, na mama ana haki ya kurudi kwenye kazi aliyokuwa nayo au kazi nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni. Hiyo "kazi nyingine inayomfaa" ndiyo waajiri wengine huitumia vibaya, kwa hivyo kama mnakusudia kumrudisha kiti chake, iandikeni kwenye barua. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Mengine ya barua na makabidhiano yanafaa kote.

---

Mkunga wa Pwani

Umenikumbusha kurudi, maana watu hupanga kuondoka tu.

Kwa Tanzania mama anayenyonyesha anaruhusiwa muda usiozidi saa 2 kwa siku wa kumnyonyesha mtoto, ndani ya muda wa kazi. Kwa foleni za Dar, kwenda nyumbani na kurudi katikati ya siku hakuwezekani kwa wengi. Wengi hupendelea kutoka saa 9 alasiri badala ya saa 11. Mwingine atataka kuzigawa: achelewe kuingia kwa muda wa saa moja, na awahi kutoka kwa muda wa saa moja. Mkubaliane kabla hajarudi, na wenzake waambiwe ni ratiba rasmi, ili asichomoke kila siku huku watu wakitazama saa.

Akikamua kazini: chumba chenye kufuli, kiti, soketi ya umeme, maji ya kunawa karibu. Choo si mahali pa kuandaa chakula cha mtoto. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar mara nyingi ni zaidi ya hapo, kwa hiyo yaende kwenye friji mara moja, chombo kiwe na jina, tarehe na saa. Kwenye friji yanafika siku 4.

Kazi ya usiku hairuhusiwi kwa miezi miwili baada ya kujifungua, na ikipita, bado anaweza kuleta cheti kwamba hajawa tayari. Hofu nayo haiishii wodini. Akirudi mkaona zile dalili nilizotaja juu, maneno ni yaleyale.

---

Mizania

Wiki ya kwanza ya kurudi, wa muda ndiye anayekabidhi. Hati ileile, ukurasa wa pili upya: nini kilibadilika, nani aliajiriwa, nani aliondoka, makato gani yameisha. Siku tatu za kwanza mama asome tu, asisaini kitu. Akaunti yake ya mfumo wa benki iwe imefunguliwa kabla ya tarehe 10. Akikaa mezani halafu mfumo umkatae, ile hofu yote ya Julai inarudi ndani ya sekunde moja.

---

Nahodha wa Zamu

Wakuu, nimekusanya yote, mkurugenzi amekubali barua ya Karani na bajeti hadi 31 Desemba. Swali la mwisho: bonasi ya mwisho wa mwaka kwetu inategemea tathmini. Miezi ambayo hakuwepo nihesabuje?

---

Sura ya 366

Mtathmini kwa miezi aliyofanya kazi, basi. Malengo ya mwaka yagawanywe kwa muda aliokuwepo kabla ya likizo, na alama zitolewe kwa hayo. Msimpe sifuri ya Oktoba na Novemba, na msimpe "wastani" wa kubuni. Ujauzito ni miongoni mwa misingi ambayo sheria inakataza kumbagua mtu kwayo, na kumpunguzia kwa sababu alikuwa likizo ya uzazi ni kuingia humo moja kwa moja. Tathmini hiyo ifanyeni mwishoni mwa Agosti, kabla hajaondoka, aione na kusaini. Nakala aende nayo.